Bundi Mwandani wa Mchawi

Wanachama wenzangu, mchezo wa Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitolewa Marekani mwaka 1974. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiigiza mhusika wake, na msimulizi akiongoza kisa. Aliye mchawi aweza kuita mnyama mwandani: paka, kunguru, chura, hata bundi. (Ati bundi! Huku kwetu angefukuzwa kwa mawe.)

Sasa, wengi humfanya mnyama huyu kamera tu. Anatumwa, anarudi, basi. Huko ni kumpoteza bure. Kweli lazima atii, lakini hata mtoto hutii huku amenuna. Mpe tabia! Naye aseme ayajuayo bundi: kuna mtu anapumua nyuma ya pazia, jina la mtu huyo alijulie wapi?

Kwa kanuni za 2014, mchawi akitazama kwa macho ya mnyama wake, yeye mwenyewe huwa kipofu na kiziwi. Hebu fikiria adui yu mlangoni! Na kwa zile za 1978, mnyama akiuawa, bwana wake alipoteza pointi za uhai, wala hazikurudi.