MBWA WA KULINDA MBUZI: TUCHAGUE WA KIGENI AU WA KIENYEJI?

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu hatuishi kwa mshahara peke yake. Aliye katika saruji kule Hima, aliye katika mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, na aliye katika kuchambua pamba mjini Kasese, wote wanajua kwamba mbuzi watano nyumbani ndio ada ya shule ya muhula ujao. Tukiwa zamu, mbuzi hao hubaki na mtoto au na mzee. Akija fisi usiku mmoja, ada imekwenda.

Kwa hiyo swali la mbwa si la anasa. Ni swali la mali yetu. Katika ukurasa huu tunalinganisha mbwa wa aina mbili: mbwa wa Anatolia kutoka Uturuki, ambaye ni nadra sana kwetu, na mbwa wetu wa kienyeji.

KAZI NI IPI?

Kwanza tuelewane. Mbwa wa mifugo wako wa namna mbili. Wako wa kuswaga, kama wale wa Uskochi wanaowakimbiza kondoo na kuwageuza kwa mluzi wa mchungaji. Huyo hatufai, maana mbuzi watano waliofungwa kamba hawahitaji kukimbizwa. Wa pili ni mbwa mlinzi. Yeye hukaa na mbuzi mchana na usiku, akijiona ni mmoja wao. Adui akikaribia, hubweka na kusimama mbele. Huyu ndiye tunayemtafuta.

MBWA WA ANATOLIA

Mbwa huyu ni mkubwa, hufika kilo 50 na zaidi. Wachungaji wa Uturuki wamemtumia tangu zamani kulinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu. Nchini Namibia, shirika la kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa aina hii tangu mwaka 1994. Mbuzi wakilindwa, mfugaji hana sababu ya kumpiga duma risasi. Kazi hiyo imesifiwa, na tunaisifu pia.

Lakini tupige hesabu zetu wenyewe. Mbwa wa kilo 50 hula karibu mara mbili ya mbwa wa kilo 20. Nani atakula kwanza, yeye au watoto? Tena manyoya yake ni mazito, na bonde la Kasese ni la joto. Kupe na mbung'o huwasumbua sana mbwa wageni, na dawa ni fedha. Akifa, wa kuziba nafasi yake hapatikani sokoni. Na kule Bwera, nyumba zimekaribiana mlimani na njia ya jirani hupita mlangoni pako. Mbwa mkubwa asiyewajua watu ni kesi inayosubiri siku yake.

MBWA WA KIENYEJI

Huyu tunamjua wote: manyoya mafupi, mwili mwembamba, masikio mepesi kusikia. Joto amelizoea. Hula makombo ya posho na dagaa. Wengi humdharau kwa sababu alipatikana bure.

Wenzetu wa Botswana hawakumdharau. Mwaka 2020 watafiti wa huko walitangaza matokeo ya kulinganisha mbwa wa kienyeji, wanaoitwa mbwa wa Tswana, na mbwa wa asili ya kigeni katika kulinda mifugo. Mbwa wa Tswana ndiye aliyeonekana kumfaa zaidi mfugaji wa nchi hiyo, na gharama yake ni ndogo.

KULEA NDIKO KUNAKOLETA MLINZI

Wahenga walisema: mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mbwa aliyekulia jikoni atalinda jiko. Anayetakiwa kulinda mbuzi afanyiwe hivi:

1. Achukuliwe akiwa na wiki sita hadi nane, apelekwe moja kwa moja kwenye zizi.
2. Alale na mbuzi, na chakula chake apewe hapo hapo. Watoto wasimfanye mchezo.
3. Akiwakimbiza mbuzi au kuwauma masikio, akaripiwe siku hiyo hiyo.
4. Ahasiwe, asije akaliacha zizi kufuata majike.
5. Tumvumilie. Mlinzi kamili hukomaa baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili.

Hata hivyo tusijidanganye. Hakuna mbwa, wa Uturuki wala wa Bwera, awezaye kupigana na simba. Kazi yake ni kutuamsha. Zizi imara la usiku ni lazima, na mbwa asiingizwe ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Wala sumu si dawa. Mwezi wa Aprili 2018 simba 11, wakiwamo watoto 8, walikufa kwa sumu karibu na Hamukungu, katika wilaya yetu ya Kasese. Sumu haichagui: humuua simba, tai, na mbwa wako pia.

CHANJO KABLA YA YOTE

Ndugu, mbwa asiye na chanjo ni hatari kuliko fisi. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wakiwamo watoto wengi. Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate sindano. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Mbwa wa jirani akiwa hana chanjo, wa kwako peke yake hatoshi. Ugonjwa huzuiwa mbwa 70 katika kila 100 wanapochanjwa. Mpaka wa Mpondwe hauwazuii mbwa kuvuka.

KAULI YETU

Mwenye kundi kubwa katika nyanda za Nyakatonzi, mwenye uwezo wa chakula na dawa, na afikirie mbwa wa Anatolia. Lakini mfanyakazi mwenye mbuzi watano achukue mtoto wa mbwa wa kienyeji, mwana wa jike aliyezoea mifugo, na fedha aliyookoa aitie katika chanjo na katika miti ya zizi.

Na hapa umoja una kazi yake. Mtu mmoja akimwita daktari wa mifugo, gharama ni yake peke yake. Mtaa mzima wa wafanyakazi ukimwita kwa siku moja, mbwa wote huchanjwa na gharama hugawanywa. Kila tawi na liweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao.