Mbwa wa zizini: wiki za kwanza ndizo zinazoamua

Kamati kadhaa za sharika zinazosimamia miradi ya mbuzi zimekuwa zikituuliza juu ya jambo ambalo kwa kawaida halimo katika andiko la mradi, nalo ni mbwa. Kaya inapokabidhiwa mbuzi hupangiwa banda, malisho, dawa na mafunzo. Lakini usiku fisi anapokuja, au mwizi, anayetegemewa ni mbwa ambaye hakuna aliyempangia chochote. Wakati mwingine mbwa huyo huyo ndiye anayeua watoto wa mbuzi, au anayemng'ata mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi. Makala hii inaeleza namna ya kumlea mbwa tangu siku anapofika nyumbani, hasa kati ya wiki ya 8 na ya 16 ya umri wake.

Kipindi kifupi cha kuzoea

Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na umri wa wiki 2 hivi. Kuanzia wiki ya 3 hadi takriban ya 12 au ya 14, kila anachokutana nacho bila kuumizwa hukipokea kuwa ni sehemu ya maisha ya kawaida. Baada ya hapo kitu kigeni huwa ni kitu cha kuogopwa. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot, waliofanya kazi Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, walichapisha matokeo ya kulea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu bila kuguswa na watu. Baadhi waliingizwa ndani kwa wiki moja, kila kundi katika umri wake, wakazoeshwa watu. Wengine waliachwa uwanjani hadi wiki ya 14. Hao wa mwisho walibaki wakimwogopa binadamu kama wanyama wa porini, na juhudi za baadaye hazikusaidia sana.

Hapa ndipo desturi zetu nyingi zinapokwenda kinyume. Wapo wanaomfungia mtoto wa mbwa gizani ili asizoee watu, na wapo wanaomlisha pilipili wakiamini atakuwa mkali. Ukali unaopatikana kwa njia hiyo ni woga tu. Mbwa mwoga hachagui. Humrukia mwizi akiweza, na humrukia mjumbe wa kamati, bibi mwenye mkongojo na mtoto anayetoka shule. Kubweka kumkabili mgeni usiku hakuhitaji kufundishwa. Huja kwenyewe mbwa anapokua na kujua nyumba yake ni ipi.

Jambo jingine ni umri wa kumchukua. Wengi humchukua akiwa na wiki 4 au 5, mara anapoanza kulamba uji. Ni mapema mno. Akiwa na mama na ndugu zake hujifunza kung'ata kwa kiasi: akimng'ata ndugu kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo huisha. Ni vema asubiri hadi wiki ya 8.

Amzoee nani, na azoee nini?

Kwa mbwa wa nyumbani, tunashauri kila siku akutane na kitu kipya kimoja au viwili, kwa dakika chache tu. Mzee mwenye fimbo. Mama aliyebeba ndoo kichwani. Mtu aliyevaa kofia pana au koti la mvua. Baiskeli, pikipiki, mlio wa ngoma, mvua inayopiga bati. Watoto ni muhimu kuliko wote, lakini wakae chini na kumwacha yeye awasogelee, wasimnyanyue kwa miguu kama kuku. Kila anapotulia, apewe dagaa mmoja.

Akikunja mkia katikati ya miguu, akilaza masikio nyuma, akilamba pua mara kwa mara au kupiga miayo wakati hana usingizi, ameogopa. Msogeze mbali kidogo, umwache aangalie. Kumvuta kwa kamba hadi kwenye kile anachokiogopa kunamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Mafunzo yenyewe ni machache: jina lake, "njoo", "acha", na kusubiri. Dakika 5 zinatosha, mara 2 au 3 kwa siku. Zawadi itolewe papo hapo, maana ikichelewa hata kidogo yeye huihusisha na kile anachofanya wakati huo. Kwa sababu hiyo hiyo, kumchapa kwa kinyesi alichokiacha asubuhi hakumfundishi lolote isipokuwa kukuogopa. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, kisha msifu akijisaidia mahali panapofaa. Aking'ata mkono katika mchezo, mchezo ukome palepale, wote mnyamaze, kisha apewe kipande cha kamba atafune. Na anapokula, watoto wamwache. Mtu mzima akitaka kumzoesha mikono karibu na sahani, aongeze chakula badala ya kukiondoa.

Akilelewa na mbuzi

Mbwa wa kulinda mifugo hulelewa kwa kanuni hiyo hiyo, ila sehemu kubwa ya muda wake awe na mbuzi. Raymond na Lorna Coppinger, walioanza kazi yao katika Chuo cha Hampshire, Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1970, walionyesha kwamba mbwa anayekua katikati ya kondoo tangu mdogo huwafanya kuwa jamaa zake. Nchini Namibia, mfuko wa uhifadhi wa duma ulioanzishwa na Laurie Marker umekuwa ukiwapa wafugaji mbwa wa asili ya Uturuki tangu mwaka 1994, ili duma na chui wasile mbuzi na wafugaji wasilazimike kuwaua.

Namna ya kufanya ni hii. Tengeneza kona ndogo ndani ya zizi, ambamo mbwa anaweza kupita na kujificha lakini mbuzi mkubwa hawezi kuingia. Alale humo. Anza na mbuzi wachache wapole au watoto wa mbuzi, kwa sababu mbuzi jike mwenye kunyonyesha anaweza kumgonga vibaya. Mchungaji wa mifugo (simaanishi yule wa usharika) amtembelee kila siku, amguse mwili mzima, amlishe palepale zizini na kumzoesha kuitwa. Asimgeuze kuwa mwenzake wa kucheza na kumpeleka kulala jikoni, la sivyo mbwa atalinda jikoni.

Kati ya mwezi wa 4 na wa 10 wengi hukata tamaa. Mbwa amekuwa mkubwa kwa mwili lakini bado ana akili ya mchezo, anakimbiza mbuzi na kutafuna masikio yao. Wengi humfukuza au kumuua katika miezi hiyo, wakati kazi ilikuwa karibu kukamilika. Katika kipindi hicho asiachwe peke yake na mifugo. Akikimbiza, akemewe palepale na kutolewa kundini kwa muda. Wafugaji wa sehemu nyingine humfunga shingoni kipande cha mti kinachoning'inia mbele ya miguu, akitaka kukimbia kinamgonga mwenyewe.

Marafiki zetu wafadhili wakati mwingine hupendekeza kununua mbwa wa kigeni wakubwa. Kwa maoni yangu haifai. Mbwa hao hula sana na hudhoofu upesi kwa joto na maradhi yetu. Nchini Botswana watafiti walilinganisha mbwa wa kienyeji wa Kitswana na wa kigeni katika kazi hii, na wale wa kienyeji walifanya vizuri kwa gharama ndogo zaidi. Mbwa wa kijijini anatosha, iwapo ataanza mapema.

Afya yake na yetu

Ugali mtupu hauwezi kumkuza. Uchanganywe na dagaa, maharage yaliyoiva, damu iliyopikwa au maziwa ya kuganda, mara 3 au 4 kwa siku hadi afikishe miezi 4. Asipewe matumbo mabichi wala vichwa vibichi vya mbuzi na kondoo. Ugonjwa wa mbuzi kuzunguka na kuanguka, ambao Wamasai huuita ormilo, mara nyingi hutokana na vifuko vya tegu wa mbwa vilivyokaa ubongoni. Mbwa hula kichwa kibichi, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai humwagika malishoni, na mbuzi wengine huyala. Tegu wa aina nyingine hupitia kwenye ini na mapafu ya mifugo, naye huwaumiza watu pia. Kwa hiyo dawa ya minyoo ya mbwa ni dawa ya mbuzi na ya familia. Kwa mtoto wa mbwa dawa hii hutolewa kila baada ya wiki 2 hadi amalize miezi 3.

Kuhusu kichaa cha mbwa, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka, wengi barani Asia na Afrika, na takriban 4 kati ya kila 10 ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Mbwa wakichanjwa kwa asilimia 70 katika eneo, ugonjwa hukosa njia. Hata hivyo katika siku za chanjo watoto wa mbwa wengi huachwa nyumbani kwa kuonekana ni wadogo mno, ingawa shirika hilo linashauri waletwe hata wakiwa chini ya miezi 3 na kurudiwa baadaye kama mtaalamu atakavyoelekeza. Mbwa aliyezoea kamba na mikono ya watu tangu utoto huletwa na mtoto wa darasa la nne. Asiyezoea hakamatiki, na huyo ndiye anayebaki bila chanjo mwaka hadi mwaka.

Yeyote akiumwa au kuparuzwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Kamati zinazoandaa maombi ya mwaka ujao zinaombwa kuweka mstari mmoja wa bajeti kwa ajili ya mbwa wa kaya zinazopokea mbuzi: chanjo, dawa ya minyoo na kamba. Orodha ya mbwa, pamoja na tarehe ya kuzaliwa kama inajulikana, ikabidhiwe kwa ofisa mifugo wa kata kabla ya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwani sehemu nyingi chanjo hutolewa katika juma hilo.