Msimu ambao haukumalizika: mpira na vita katika Yugoslavia ya zamani

Mwezi wa Machi 1999 ligi kuu ya mpira wa miguu ya Yugoslavia ilisimama katikati ya njia. Klabu 18 zilikuwa zikishindana. Partizan ya Belgrade ilikuwa na pointi 66 kwa mechi 24. Obilić, nayo ya mji huohuo wa Belgrade, ilikuwa na pointi 64. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyokuwa imeshindwa mechi. Zilibaki mechi kumi, na kila shabiki alingojea kuona nani atateleza kwanza.

Tarehe 24 Machi ndege za NATO zilianza kupiga mabomu. Ligi haikuchezwa tena msimu ule. Wakuu wa shirikisho la mpira waliwapa Partizan ubingwa kwa kufuata pointi zilizokuwapo, na msimu ukafungwa hivyo.

Ndugu msomaji, unaweza kuuliza: sisi tuliokimbia vijiji vyetu, mpira wa Waserbia unatuhusu nini? Unatuhusu kwa sababu unaonyesha waziwazi namna kitu kinachopendwa na vijana wote kinavyoweza kuchukuliwa, hatua kwa hatua, na watu wa vita. Na kama tunajua hatua hizo, tunaweza kuzitambua mapema.

Nchi gani hiyo?

Wazee kati yetu wanaikumbuka Yugoslavia. Tarehe 18 Juni 1974, katika Kombe la Dunia kule Ujerumani, iliifunga Zaire mabao 9 kwa 0. Kocha wa Zaire, Blagoje Vidinić, alikuwa yeye mwenyewe mtu wa Yugoslavia, mzaliwa wa Skopje. Mapema mwaka uleule alikuwa ameiongoza Zaire kushinda Kombe la Afrika.

Jambo ambalo wengi hawakuliona siku ile ni mchanganyiko wa timu iliyotufunga. Dušan Bajević, aliyefunga mabao matatu, alitoka Mostar katika Bosnia. Dragan Džajić alikuwa Mserbia. Ivica Šurjak alitoka Split katika Kroatia. Branko Oblak alikuwa Mslovenia. Nchi ilikuwa na jamhuri sita: Slovenia, Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Serbia, Montenegro na Masedonia. Ndani ya Serbia kulikuwa na majimbo mawili, Vojvodina na Kosovo, na katika Kosovo wakaaji wengi ni Waalbania. Watu hao walivaa jezi moja. Miaka 17 baadaye nchi ile ilianza kuvunjika kwa damu.

Kwa hiyo Yugoslavia iliyosimamisha ligi mwaka 1999 haikuwa ileile ya 1974. Ilikuwa imebaki na jamhuri mbili tu, Serbia na Montenegro.

Je, vita vilianzia uwanjani?

Watu wengi husema kwamba vita vya Yugoslavia vilianza tarehe 13 Mei 1990, katika uwanja wa Maksimir mjini Zagreb. Siku hiyo Dinamo Zagreb ya Kroatia ilipaswa kucheza na Red Star ya Belgrade. Majuma machache kabla yake, uchaguzi wa Kroatia ulikuwa umeshindwa na chama kilichotaka nchi yao ijitenge. Mashabiki wa pande mbili walipigana, viti vikang'olewa, watu wengi wakajeruhiwa. Nahodha wa Dinamo, Zvonimir Boban, alimpiga polisi teke mbele ya kamera. Alifungiwa, na hakucheza Kombe la Dunia la mwaka ule.

Lakini tutazame vizuri. Baada ya fujo ile, ligi iliendelea. Msimu wa 1990–91 ulichezwa mpaka mwisho, klabu za Kroatia zikiwemo. Red Star ilikuwa ya kwanza, Dinamo ya pili. Tarehe 29 Mei 1991 Red Star ilishinda Kombe la Klabu Bingwa la Ulaya kule Bari, Italia, ikiwa na wachezaji wa asili mbalimbali. Darko Pančev alikuwa Mmasedonia na Dejan Savićević alitoka Montenegro. Robert Prosinečki alikuwa na baba Mkroatia na mama Mserbia. Mwezi uliofuata silaha zikalia.

Maana yake ni hii: kati ya fujo za uwanjani na vita kulikuwa na mwaka mzima na zaidi. Ulikuwa muda wa viongozi kutuliza watu. Wengi wao waliutumia kuchochea. Mpira haukuleta vita. Ulionyesha moto uliokuwa ukiwaka chini ya majivu, na waliouona hawakuuzima.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa. Polisi yule aliyepigwa teke, ambaye wengi walidhani ni Mserbia, alikuwa Mwislamu wa Bosnia. Miaka baadaye alisema hadharani kwamba amemsamehe Boban.

Mashabiki wanapogeuzwa kuwa askari

Kundi la mashabiki wa Red Star lilikuwa na kiongozi aliyeitwa Željko Ražnatović, maarufu kwa jina la Arkan. Kabla ya hapo alikuwa mhalifu aliyetafutwa na polisi wa nchi kadhaa za Ulaya. Mwezi wa Oktoba 1990 aliunda kikosi cha wapiganaji wa kujitolea, na wengi wa kwanza kuingia walikuwa vijana wa jukwaani.

Haikuwa kazi ngumu. Kundi la mashabiki lina karibu kila kitu ambacho mkuu wa wanamgambo anatafuta. Lina vijana wengi, na kati yao wengi hawana kazi. Lina mkuu anayetiiwa. Lina nyimbo, rangi na alama, na lina adui ambaye tayari ana jina. Vijana wamezoea kusafiri pamoja na kupigana pamoja. Kilichobaki ni kuwapa bunduki na kuwaambia kwamba adui si timu tena, ni jirani. Kikosi kile kilipigana Kroatia na Bosnia, na kiliua raia na kuwafukuza wengine katika makao yao.

Vita vya Bosnia vilipokwisha, Arkan alirudi kwenye mpira. Mwaka 1996 alichukua Obilić, klabu ndogo ya Belgrade yenye jina la shujaa wa vita vya Kosovo vya mwaka 1389. Katika msimu wa 1997–98, ulio wa kwanza kwake katika ligi kuu, Obilić ilikuwa bingwa. Waandishi wa habari wengi waliandika kwamba wachezaji wa timu nyingine walitishwa. Wakuu wa mpira wa Ulaya walipoonyesha kwamba hawamtaki, Arkan aliachia kiti cha urais wa klabu, na mke wake akakikalia.

Hiyo ndiyo klabu iliyokuwa pointi mbili nyuma ya Partizan ligi iliposimama. Mwisho wa Machi 1999 Mahakama ya kimataifa ya The Hague ilitangaza kwamba Arkan anashitakiwa. Hakufika mbele ya hakimu: tarehe 15 Januari 2000 aliuawa kwa risasi katika hoteli moja ya Belgrade. Klabu yake ilishuka daraja baada ya daraja. Ushindi uliojengwa juu ya hofu haukudumu.

Siku 78 za mabomu

Kwa nini NATO ilipiga mabomu? Mwaka 1998 vita vilikuwa vimeenea Kosovo kati ya majeshi ya Serbia na wapiganaji wa Kialbania, na mazungumzo ya kutafuta amani yalishindikana. Mabomu yalianguka kwa siku 78. Katika Novi Sad, mji wa klabu ya Vojvodina, madaraja matatu ya mto Danube yalivunjwa. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba raia wapatao 500 waliuawa na mabomu hayo.

Katika muda huohuo, ndani ya Kosovo, askari, polisi na wanamgambo waliwatoa Waalbania katika nyumba zao. Watu wapatao 850,000 walivuka mipaka kuingia Albania, Masedonia na Montenegro, wakiwa na kile walichoweza kubeba mikononi. Ndugu wasomaji wanajua safari ya namna hiyo. Hatuna haja ya kuieleza zaidi.

Tarehe 7 Aprili timu ya AEK kutoka Athens, Ugiriki, ilikuja Belgrade kucheza mechi ya kirafiki na Partizan chini ya hatari ya mabomu. Ilikuwa ishara ya kuwapa watu moyo. Mechi haikumalizika: mashabiki waliingia uwanjani ikiwa sare.

Mwezi wa Juni majeshi ya Serbia yaliondoka Kosovo. Waalbania wengi walirudi kwao. Ndipo Waserbia na Waroma wapatao 200,000 wakakimbia, kwa kuogopa kisasi au kwa sababu walishambuliwa. Hata klabu ya FK Priština, iliyokuwa ikicheza ligi ya Yugoslavia, ilihama pamoja nao. Walionyanyaswa jana na waliokimbia leo walikuwa majirani wa barabara moja. Katika vita vile vya Kosovo zaidi ya watu 13,000 walikufa au walipotea.

Waliocheza kwenye viwanja vya vijiji

Si kila kitu katika habari hii ni giza. Mwaka 1991, baada ya Kosovo kunyang'anywa utawala wake wa ndani na Waalbania wengi kufukuzwa kazini, wachezaji wa Kialbania walitoka katika ligi ya Yugoslavia. Waliunda ligi yao wenyewe. Hawakuwa na viwanja vizuri. Walicheza kwenye nyanja za vijiji, watu wakisimama pembeni kwenye mteremko, na mara nyingi polisi waliwasumbua. Lakini ligi ile iliwapa vijana kitu cha kufanya pasipo bunduki, na iliwapa wazazi mahali pa kukutana.

Tunapaswa pia kumtaja Fadil Vokrri. Alikuwa Mwalbania wa Kosovo, na katika miaka ya 1980 alichezea Partizan ya Belgrade, akapendwa na mashabiki wake. Baadaye aliongoza shirikisho la mpira la Kosovo mpaka alipofariki mwezi wa Juni 2018. Ni katika uongozi wake kwamba Kosovo, mwaka 2016, ilipokelewa katika UEFA na FIFA. Leo uwanja wa Prishtina una jina lake. Hata hivyo timu za Kosovo na Serbia bado hazipangwi pamoja katika mashindano ya Ulaya. Karatasi za amani zinaweza kutiwa sahihi kwa siku moja, lakini mioyo inachukua muda mrefu zaidi.

Na kuna mfano wa kuachana bila damu. Mwezi wa Mei 2006 watu wa Montenegro walipiga kura ya kujitenga na Serbia. Mwezi uliofuata timu ya Serbia na Montenegro ilicheza Kombe la Dunia kule Ujerumani, ingawa nchi yenyewe haikuwapo tena. Walimaliza mechi zao, kisha kila upande ukaunda ligi yake. Hakuna aliyekimbia nyumba yake.

Mafunzo kwa viongozi

Kwanza, tusikilize nyimbo. Wimbo wa kuisifu timu ni furaha. Wimbo wa kutukana kabila au kutamani kifo cha watu ni onyo, na mkubwa anayeusikia akanyamaza ameukubali.

Pili, tuulize nani analipa. Mtu mwenye silaha akinunua jezi na mipira kwa vijana, ataomba kitu siku nyingine.

Tatu, tuchanganye timu. Mechi ya kabila moja dhidi ya jingine hurudisha ugomvi. Timu yenye watoto wa pande zote hujenga urafiki. Tena tukumbuke kwamba mchanganyiko peke yake hautoshi: Red Star ya 1991 ilikuwa ya mchanganyiko, na nchi ikavunjika. Timu inahitaji viongozi wanaosema nje ya uwanja maneno yaleyale ya amani wanayosema ndani yake.

Nne, tutumie muda. Kati ya fujo ya kwanza na vita huwa kuna siku, pengine miezi. Hizo ndizo siku za wazee, mama, wachungaji, mashehe na walimu kutembea nyumba kwa nyumba.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Vijana wetu wanaimba nini wanapokwenda kwenye mechi? Nani aliwafundisha?
2. Nani anagharimia timu za hapa tulipo, na anataka nini?
3. Je, waliokimbia na wenyeji wanacheza katika timu moja? Kama hapana, nani anaweza kuanzisha?
4. Mechi ikiishia kwa ugomvi, nani ataenda kuzungumza na pande mbili kabla ya jua kuzama?