Ujasiri hufuata tendo, haulitangulii

KILA mwaka mpya unapobisha hodi, watu wengi hujiwekea ahadi. Huyu huapa kuamka alfajiri na kufanya mazoezi, yule huazimia kupunguza sukari, na mwingine hujiambia kwamba mwaka huu hataogopa tena kuzungumza mbele ya wakubwa wake kazini. Kabla ya Februari kufika, aghalabu ahadi hizo huwa zimekwisha kusahaulika. Linalosalia moyoni ni shutuma: "Mimi ni mtu dhaifu. Siwezi lolote."

Shutuma hiyo huumiza kuliko hata ile ahadi iliyovunjika. Mtu aliyejaribu mara tatu na kushindwa huanza kujiona kuwa kushindwa ndiyo hulka yake. Hapo huacha kuomba kazi anayoistahili, huacha kuinua mkono mkutanini, na pole pole hujitenga hata na jamaa zake.

Hata hivyo, utafiti wa miongo kadhaa unaonyesha kwamba mara nyingi tatizo si udhaifu wa mja. Tatizo ni imani mbili zilizoenea mno na ambazo si za kweli. Ya kwanza ni kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Ya pili ni kwamba ni lazima mtu ajihisi jasiri kwanza ndipo atende.

Kisa cha siku 21

Imani ya siku 21 ina chanzo kinachojulikana. Mnamo 1960, Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyefanya upasuaji wa kurekebisha sura, alichapisha kitabu kuhusu jinsi mtu anavyojitazama. Humo alieleza kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Kadiri maneno yake yalivyosambazwa na wahamasishaji, neno "angalau" liliachwa njiani. Isitoshe, Maltz alikuwa akizungumzia kuzoea badiliko, wala hakuwa amepima jinsi tabia zinavyojengeka.

Waliojaribu kupima jambo lenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London. Walifuatilia watu 96 kwa muda wa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, kama vile kunywa maji wakati wa chakula au kukimbia kidogo kabla ya mlo wa jioni. Matokeo, yaliyochapishwa kikamilifu mwaka 2010, yalionyesha kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 hadi tendo lifanyike bila kusukumwa. Tofauti baina ya mtu na mtu ilikuwa kubwa. Makadirio yalianzia siku 18 hadi siku 254.

Lipo jambo jingine katika utafiti huo ambalo lingewafariji wengi. Kukosa siku moja hakukuvuruga ujenzi wa tabia. Aliyeruka siku na kuendelea kesho yake hakupoteza alichokwisha kujenga. Kinachowaangusha watu si siku ile moja, bali uamuzi unaoifuata: "Maadamu nimekosa jana, basi yamekwisha."

Kwa hiyo mtu anayekata tamaa siku ya 22 huwa hajashindwa. Huenda hajafika hata nusu ya safari, naye alidanganywa kuhusu urefu wa njia.

Kushikiza jipya kwenye la zamani

Je, mtu afanyeje ili asichoke kabla ya kufika? Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala aliyoyachapisha mwaka 1999, alieleza njia ambayo imejaribiwa mara nyingi tangu wakati huo. Badala ya kutamka nia ya jumla kama "nitafanya mazoezi zaidi," mtu huamua mapema ni wakati gani, mahali gani na kwa namna gani atatenda. Nia huchukua umbo la "jambo hili likitokea, nitafanya lile."

Mathalani, mwenye duka anayetaka kuandika hesabu zake kila siku anaweza kuamua hivi: "Nikishateremsha mlango wa duka jioni, kabla ya kutia kufuli, nitaandika mauzo ya leo." Anayetaka kutembea zaidi anaweza kuamua kwamba kila jioni atashuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya kwake. Mlango wa duka na kituo cha matatu huwa ndivyo vinavyomkumbusha, na hahitaji kusubiri ari impate.

Hekima ya njia hii ni kwamba haitegemei hamasa. Hamasa huja na kuondoka kama mvua za vuli. Kituo cha matatu kipo pale pale kila siku.

Ujasiri hutoka wapi?

Imani ya pili ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Wengi husema, "Nikipata ujasiri, nitaomba kazi ile," au "Nikijiamini, nitazungumza." Wanangoja hisia ambayo, kwa kawaida, haiji kwa kungojwa.

Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Canada aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford hadi uzeeni na kufariki mwaka 2021, alilishughulikia suala hili kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya imani ya mtu katika uwezo wake. Cha kwanza ni kufanya jambo lenyewe na kufaulu. Cha pili ni kuwaona watu wengine, hasa walio kama yeye, wakifaulu. Cha tatu ni maneno ya kutiwa moyo. Cha nne ni hali ya mwili, yaani jinsi mtu anavyotafsiri mapigo ya moyo na jasho la viganja.

Kati ya hivyo vinne, chenye nguvu zaidi ni kile cha kwanza. Bandura na wenzake walifanya majaribio na watu waliowaogopa nyoka kupita kiasi. Baadhi waliongozwa hatua kwa hatua hadi wakamshika nyoka wenyewe. Wengine walitazama tu mtu mwingine akifanya hivyo. Waliotazama walipata nafuu, lakini waliotenda kwa mikono yao walipata nafuu kubwa zaidi.

Funzo lake ni bayana. Mwanafunzi wa sekondari anayeogopa kujibu swali darasani hataondokewa na hofu kwa kuambiwa asiogope. Anaweza kuanza kwa kumuuliza mwalimu swali moja baada ya somo, akiwa peke yake naye. Wiki inayofuata anasoma aya moja kwa sauti katika kundi la wanafunzi wanne. Baadaye anajibu swali moja ambalo ana hakika na jibu lake. Kila hatua humwachia ushahidi, na ujasiri hauna chakula kingine ila ushahidi.

Maneno matamu yanapochoma

Kuna ushauri unaotolewa sana na wahamasishaji: simama mbele ya kioo kila asubuhi ujiambie kwamba wewe ni bora na unapendeka. Ushauri huo hauna madhara kwa kila mtu, lakini wengine huwadhuru.

Mwaka 2009, Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu walitakiwa kurudia sentensi kwamba wao ni watu wanaopendeka. Waliokuwa wakijithamini tangu hapo walijisikia vizuri zaidi kidogo. Waliojidharau walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakurudia maneno hayo. Sababu si ngumu kuielewa. Mtu anapojiambia jambo asiloliamini, nafsi yake humjibu kwa orodha ya ushahidi wa kulikanusha.

Badala ya sifa asizoziamini, mtu anaweza kutumia neno moja la kweli: "bado." "Sijui kuogelea" ni hukumu. "Bado sijajua kuogelea" ni maelezo ya mahali alipofika. Carol Dweck, aliyeieneza fikra hii katika kitabu chake cha mwaka 2006, hutofautisha anayeona uwezo kuwa kitu cha kuzaliwa nacho na anayeuona kuwa kitu kinachokuzwa kwa juhudi, mbinu na msaada wa wengine.

Hata hivyo, fikra hii si dawa ya kila ugonjwa. Utafiti mkubwa uliofanyiwa maelfu ya wanafunzi wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba faida yake kwa alama za wanafunzi waliokuwa nyuma ipo, ila ni ndogo, na hutegemea mazingira ya shule. Mbegu haioti juu ya saruji.

Ushahidi kutoka nyumbani

Wakenya hawalazimiki kutazama ng'ambo tu. Mradi unaoitwa Shamiri, jina lililotokana na kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kustawi, umejaribu mambo haya katika shule za humu nchini. Matokeo ya jaribio moja la mradi huo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry. Lilihusisha wanafunzi 413 wa shule nne za sekondari za Nairobi na Kiambu, wote wakiwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyobanduka, au wasiwasi mwingi.

Vikundi vidogo vya wanafunzi vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Walioviongoza hawakuwa madaktari bali vijana waliomaliza shule ya upili na kupewa mafunzo mafupi. Mazungumzo yalihusu mambo matatu: kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kwamba kuna watu na mambo ya kushukuru, na kwamba kila mmoja ana tunu anazozithamini na anazoweza kuziishi. Kundi la kulinganisha lilifundishwa mbinu za kusoma. Wote walipata nafuu, lakini dalili za waliokuwa katika mradi zilipungua zaidi.

Huko Zimbabwe nako, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, mpango wa benchi la urafiki. Alikuwa amempoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya kufika hospitalini. Madaktari wa fani yake walikuwa wachache mno, basi akawafunza nyanya 14 wa mtaa huo. Nyanya hao walikaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakawasikiliza, kisha wakawasaidia kuchagua tatizo moja tu, kati ya mengi, la kuanza kulitatua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita ni takriban asilimia 14 ya waliokaa kwenye mabenchi hayo waliokuwa bado na dalili za sonona. Katika kundi lililopata huduma za kawaida, dalili hizo zilibaki kwa takriban nusu. Waliosaidiwa hawakutatuliwa matatizo yao yote. Walitatua moja wenyewe, wakaona kwamba wanaweza, wakalikabili la pili.

Mwili nao una haki yake

Ni vigumu kwa mtu kuwa jasiri akiwa hajalala. Wataalamu hupendekeza kwamba mtu mzima alale angalau saa saba usiku. Simu inayolazwa chumba kingine husaidia zaidi kuliko azimio la kutoitazama. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, hupendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za wastani za mwili. Hizo ni kama dakika 20 hivi kwa siku, na kutembea kwa kasi kunatosha. Jembe na kuteka maji pia huhesabiwa.

Mipaka ya tabia njema

Itakuwa dhuluma kumwambia aliyefutwa kazi, au mama asiyejua watoto watakula nini, kwamba shida yake ni fikra zake. Tabia njema hazilipi kodi ya nyumba. Zinachoweza kufanya ni kumwachia mtu nguvu za kutafuta njia, na kumwepusha na kuongeza aibu juu ya dhiki.

Vilevile, sonona ni ugonjwa wala si uvivu au upungufu wa imani. Mtu ambaye kwa muda wa wiki mbili au zaidi amekosa raha katika kila kitu, halali au analala kupita kiasi, au anawaza kwamba heri asingekuwepo, anahitaji kumwona mhudumu wa afya bila kuchelewa. Hatua ya kwanza kwake ni kumwambia mtu mmoja anayemwamini. Hiyo pia ni tendo dogo, na pengine ndilo linalohitaji ujasiri kuliko yote.

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kibaba hujaa kwa siku 21, wala hawakusema kwamba punje iliyoanguka chini humwaga zilizokwisha kuingia. Aliyekosa jana ana leo. Aya moja kwa sauti, kituo kimoja kwa miguu, tatizo moja kati ya kumi: hapo ndipo ujasiri huanzia, na mwenye kuuona mwisho wake ni yule atakayerudi kesho.