Pasi 80 juu ya Paa

Saa sita mchana Tandale, Dar es Salaam, jua likiwa la utosi na mbingu nyeupe, kila mita ya mraba ya bati hupokea nguvu ya wati zipatazo 1,000. Hiyo ni pasi moja ya umeme. Paa la mita za mraba 80 ni pasi 80 zilizowashwa kwa pamoja. Bati kuukuu lenye kutu hunywa karibu asilimia 70 ya joto hilo, sawa na pasi 56. Likipakwa rangi nyeupe ya kuakisi jua, na likioshwa vumbi, hunywa kama asilimia 20 tu: pasi 16. Zilizobaki hurudi angani badala ya kumshukia mtoto aliyelala chini yake.

Jua likizama, kazi inahamia ukutani. Mita moja ya mraba ya ukuta wa tofali za saruji za inchi 6, ikipanda nyuzijoto 10 mchana, hutunza joto la kuchemshia lita 8 za maji. Uguse saa nne usiku, bado ni vuguvugu. Ndiyo maana watu hutoa mikeka barazani. Si jambo jipya: Luke Howard, mchunguzi wa hali ya hewa wa Uingereza, aliupima usiku wa London zaidi ya miaka 200 iliyopita, akaukuta una joto kuliko wa mashambani kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya 2022, milioni 5.38. Watu milioni moja wa ziada wamekuja na mabati, lami na saruji, mahali ambapo jua lilikuwa likiishia kukausha unyevu wa majani na udongo.

Na unyevu huo una thamani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto sawa na uniti 0.68 za umeme. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha unaweza kutoa lita 100 kwa siku: uniti 68. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kikifanya kazi saa 24 bila kupumzika huhamisha uniti 63, nacho hula umeme wa uniti kama 20. Kwa shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, ni takriban shilingi 7,100 kwa siku, 213,000 kwa mwezi. Tena uniti zote 83, za chumbani na za umeme wenyewe, humwagwa uchochoroni, kwenye dirisha la jirani asiye na kiyoyozi. Hilo linaniuma.

Kijiweni, bodaboda wanaijua hesabu hii ya jua na kivuli bila kalamu. Pikipiki iliyoachwa juani hufunikwa kiti kwa kipande cha boksi. Nyingine zinasogezwa kila nusu saa, zikifuata kivuli cha mkungu. Barabara ikipanuliwa, mkungu huo hukatwa asubuhi moja. Makadirio ya ujenzi yana bei ya kokoto, lami na nguzo za taa. Nataka na mti uandikwe humo, kwa uniti zake 68.