Baiskeli, Jua Kali na Maji ya Ziwa

Barabara ya Mwanza hadi Musoma, kupitia Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda, ina zaidi ya kilomita 200. Kuisafiri kwa baiskeli kwa siku mbili au tatu ni zoezi zuri kwa moyo. Hatari yake, ukiacha mabasi (hayo yana habari yake), humngoja mwendeshaji pale anapopumzika.

Ni saa saba mchana, mwili unachemka, na ziwa liko pale. Anavua viatu, anaingia hadi magotini, ananawa. Dakika chache zinatosha. Vijidudu vya kichocho, visivyoonekana kwa macho, hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi hata isiyo na kidonda. Huwa vingi zaidi wakati wa jua kali, yaani saa ile ile ya mapumziko. Kichocho cha ufukweni kwetu ni hasa cha tumbo, nacho kikikaa miaka mingi huharibu ini.

Basi, ndugu msomaji, beba maji ya kunywa yaliyochemshwa, na ya kuoga omba bombani au kisimani. Maji ya ziwa yaliyokaa ndooni siku mbili, bila konokono ndani, yanafaa kuogea, siyo kunywa.

Aliyekwisha kuingia ziwani asikimbilie kupima choo kesho yake, kwani mayai hayajaanza kuonekana. Aende zahanati baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama hajisikii mgonjwa. Akipata homa au kuharisha kabla ya hapo, aende mara moja na aeleze alikooga.