Motokari Ndogo ya Zamani: Kitu Gani Kitengenezwe Kwanza?



Kila asubuhi mnaona ile Toyota Starlet nyeupe inayosimama chini ya mti wa maembe, karibu na ofisi. Wengi mmeicheka. Mmoja wenu alituuliza: "Walimu, ile motokari iko inatembea, ao iko paka ya kuangalia?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi ni walimu watatu tunaokaa hapa Kapata. Tuliinunua pamoja kwa sababu feza ya njia ya kwenda mjini Kolwezi na kurudi ilikuwa inakula mshahara wetu. Leo tunapenda kuwaeleza namna ya kulinda motokari ya vile, na zaidi sana kitu gani kitengenezwe kwanza na kitu gani kinaweza kungojea. Tulijifunza kwa kosa letu wenyewe, na kosa lile karibu limtie mtoto mmoja wa masomo yetu katika hatari.

1. Juu ya nini motokari hizi ni nyingi?

Wakati wa wazazi wetu, motokari ndogo iliyojulikana sana ilikuwa Volkswagen Coccinelle. Moteri yake ilikaa nyuma na ilipozwa kwa upepo, bila radiateri. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka Mexico mwaka 2003.

Kisha zikaja za Japani. Starlet ilianza mwaka 1973 na ilikoma mwaka 1999. Yetu ni ya miaka ya 1990: moteri ya sentimita 1 331, uzito haufiki kilo 900, esanse inakula kidogo. Nyuma ya Starlet ikaja Vitz, na mwaka 2002 ikaja IST, ambayo mnaiona sana barabarani.

Sababu ya kupendwa si esanse peke yake. Ni mapiesi. Moteri ya Starlet yetu iliwekwa vilevile katika Corolla na Tercel. Moteri ya IST iko pia katika Vitz na Probox. Basi motokari moja ikikufa, piesi zake zinaponyesha ingine. Motokari yenye fahari lakini isiyo na mapiesi karibu ni sawa na nyumba nzuri isiyo na mlango.

2. Kosa letu

Tulipoileta nyumbani, rangi ilikuwa imetoka na viti vilikuwa vimepasuka. Basi tulifanya nini? Tulipaka rangi, tukashona viti, tukanunua radio. Katika kila dola 10 tulizotoa mwezi ule wa kwanza, 7 zilienda kwa vitu vinavyoonekana na macho.

Maji ya radiateri yalikuwa yanapunguka kila siku. Asubuhi tuliongeza chupa moja, tukaenda zetu. Fundi wa kwanza alikuwa ametoa termostati, akatuambia: "Huku kwetu kuko moto, termostati haina kazi." Alikata pia waya wa kile kishale kinachoonyesha moto wa moteri, kwa sababu kilikuwa kinatusumbua kwa kupanda. Sisi, watu wenye kufundisha hesabu na fizika, tulikubali.

Siku moja, saa za masomo, mtoto wa mwaka wa kwanza alianguka kwa homa kali. Tulimweka ndani ya Starlet ili tumpeleke hospitali mjini. Katikati ya njia mvuke mweupe ulitoka mbele, moteri ikapoteza nguvu, ikasimama. Tulibaki pale pembeni ya barabara, malori yakipita na vumbi, mtoto akitetemeka juu ya kile kiti chetu kipya. Radio ilikuwa inaimba vizuri. Mmoja wetu aliizima kwa haya.

Mtu wa pikipiki alituhurumia, akamchukua mtoto pamoja na mwalimu mmoja. Ilikuwa malaria. Asante kwa Mungu, alipona. Lakini saa ile moja tuliyopoteza hatutaisahau.

Fundi wa pili, mzee mmoja wa hapa Kapata, alifungua moteri baridi, akaangalia, akatuuliza swali moja tu: "Walimu, maji yenye munaongezaka kila siku, inaendaka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Swali lile njo masomo yote ya motokari ya zamani. Kitu hakipunguki bure. Kama kinapunguka, kuna mahali kinapopita.

3. Maji na moto

Tukumbuke somo la fizika. Maji yanachemka kwa digri 100 pale ukingoni mwa bahari. Kolwezi iko juu, karibu metre 1 440, na hewa inakandamiza kidogo. Kwa hiyo maji ya sufuria hapa kwetu yanachemka karibu digri 95. Moteri inafanya kazi vizuri karibu na digri 90. Mnaona? Nafasi iliyobaki ni ndogo sana.

Nani anatuokoa? Kile kifuniko cha radiateri. Ndani yake kuna ressort na mpira. Vinafungia mvuke ndani, nguvu ya kukandamiza inapanda, na maji hayachemki mpaka yapite digri 110. Mpira wa kifuniko chetu ulikuwa umekufa. Mvuke ulitoka kila siku kidogo kidogo, na maji yalichemka mbele ya wakati. Kifuniko kipya ni bei ndogo kuliko kushona kiti kimoja!

Na termostati? Ni mlango mdogo unaofunguka wenyewe maji yakifika karibu digri 82. Asubuhi ya mwezi wa sita ao wa saba, wakati ninyi mnakuja masomo na makoti, moteri nayo inasikia baridi. Bila termostati inachelewa kupata moto, inakula esanse nyingi, na vyuma vinakulana. Joto la mchana si sababu ya kuitoa. Fundi akisema "haina kazi", mwulize basi kwa nini walioitengeneza waliiweka.

Jambo la kuogopa: usifungue kamwe kifuniko cha radiateri wakati moteri iko moto. Maji yale yamepita digri 100. Ukifungua, yanageuka mvuke mara moja na kuruka usoni. Ngojea mpaka mkono wako uweze kushika radiateri bila kuungua.

4. Freni

Mzee fundi hakuturuhusu kuondoa motokari mpaka aangalie freni. Alitoa tambur za nyuma, na tuliona maji ya freni yanatoka kwa silindri ya gurudumu la kushoto. Tulikuwa tumebeba mtoto mgonjwa ndani ya motokari yenye freni ya nusu, na hatukujua.

Maji ya freni nayo yana siri. Yanakunywa unyevu wa hewa. Wakati wa mvua hewa yetu ina unyevu mwingi. Ukikanyaga freni mara nyingi, joto linapanda, ule unyevu unakuwa mvuke. Mvuke unakubali kukandamizwa, maji hayakubali. Ndiyo sababu mguu unashuka mpaka chini na motokari haisimami. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama yanaonekana mazuri.

Angalieni pia mipira ya magurudumu. Pembeni mwake kuna namba nne ndani ya duara refu. Kama imeandikwa 2314, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira unaweza kuwa na meno marefu lakini umezeeka na kupasuka ndani. Wauzaji wanaupaka dawa nyeusi ung'ae. Soma namba, usisome rangi.

5. Volani ya kuume

Motokari nyingi za Japani zinashuka na meli Dar es Salaam, zinapita Tanzania na Zambia, zinaingia kwetu Kasumbalesa. Kule kote watu wanatembea upande wa kushoto. Sisi Kongo tunatembea upande wa kuume. Basi shofere anakaa karibu na majani, na lori lililo mbele linamfunika macho. Kwa barabara ya Likasi na Lubumbashi, yenye malori ya madini, hili ni jambo la kufa na kupona. Sisi tuna sheria: hatupiti lori kama aliyekaa upande wa kushoto hajasema wazi, "Njia iko wazi." Akisema "nazani", tunabaki nyuma.

Tena mataa ya Japani yametengenezwa yarushe mwangaza zaidi upande wa kushoto, kwa pembeni ya barabara yao. Huku kwetu mwangaza ule unaingia ndani ya macho ya mtu anayekuja. Kama hamwezi kupata mataa ya upande wetu, yashusheni kidogo.

6. Utaratibu wetu sasa

Nyuma ya taabu ile tuliandika mstari mmoja katika kayé tunayoiacha ndani ya motokari: kwanza kinachosimamisha, kisha kinachopoza, kisha kinachotembeza, mwisho kinachong'aa. Katika kayé ileile tunaandika mambo haya:

— kila asubuhi, moteri ikiwa baridi: maji na mafuta, na kiasi tulichoongeza;
— kila wiki: upepo wa mipira na maji ya freni;
— kila kilometre 5 000: mafuta mapya ya moteri na filtri yake;
— wakati wa kiangazi: filtri ya hewa inapigwa vumbi kila wiki mbili, kwa maana vumbi la njia zetu linakula moteri kama mchanga;
— kila kilometre 100 000: mkanda wa ndani ya moteri. IST haina mkanda huu, ina mnyororo, lakini mnyororo nao unahitaji mafuta safi.

Na kama mzazi ao ndugu yenu anataka kununua motokari ya vile, mwambieni aende asubuhi, kabla mwenyewe hajaipasha moto. Avute kijiti cha mafuta: mafuta yakifanana na maziwa, maji yameingia ndani, pengine jointi ya kilasi imeungua. Aangalie moshi: moshi wa bluu ni mafuta yanayoungua. Na asitoe feza yote siku ile. Aweke sehemu moja kwa tatu kando, kwa freni, maji na mipira. Kama feza iliyobaki haitoshi kununua motokari, basi wakati wake haujafika.

Rangi ya Starlet yetu imeanza tena kutoka, na hatujaipaka. Mnaweza kuendelea kucheka, hatukatai. Lakini tangu mwezi wa kenda hatujaongeza hata kikombe kimoja cha maji, na yule mtoto wa mwaka wa kwanza, ambaye sasa yuko mwaka wa pili, ndiye anayetusaidia kuandika kayé kila juma tano. Juma lililopita alituonyesha kwamba mafuta yamepunguka kidogo, kisha akatuuliza, kwa sauti ya mzee fundi kabisa:

"Walimu, inaendaka wapi?"

Jumamosi tutafungua kuangalia. Anayependa kujifunza aje saa mbili asubuhi, na nguo za kazi.